Je, Wajua? Breki ya Mkono Isiyoshika Gurudumu

Je, wajua kwamba breki ya mkono ya Land Rover ya zamani haishiki gurudumu hata moja? Katika magari mengi, ukivuta breki ya mkono unabana magurudumu mawili ya nyuma. Katika Land Rover za Series, zilizoundwa kuanzia 1948 hadi 1985, breki hiyo imekaa peke yake chini ya sakafu, nyuma ya giaboksi, ndani ya dramu moja iliyofungwa pale propela ya nyuma inapoanzia. Inaizuia propela, na propela ndiyo inayoyazuia magurudumu. Ndiyo maana dereva akiivuta kwenye mteremko kisha akaachia pedali, gari lote husogea kidogo, likatikisika, halafu likatulia. Hiyo ni nafasi ndogo iliyo kati ya meno ya difu, inajazwa. Asiyelizoea gari hili hushtuka akidhani breki imeachia.

Hatari yenyewe iko kwingine. Tuseme tairi la nyuma limetoboka ukiwa kwenye foleni ya Malaba. Umevuta breki ya mkono hadi mwisho, umeweka jeki, umeinua upande mmoja wa nyuma. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, hata moja likaenda kinyume cha jingine. Yote mawili yakiwa chini na propela ikiwa imefungwa, hayaendi popote, kwa sababu moja lingelazimika kwenda mbele na lingine kurudi nyuma. Ukiinua moja, hilo lililo hewani liko huru kuzunguka kinyume, na lile lililobaki chini linaweza kubingirika. Gari la tani moja na nusu linashuka kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa vilevile. Kwa hiyo fundi mzoefu huweka mawe kwanza, mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, na huunganisha pia magurudumu ya mbele kwenye gia, ndipo aguse jeki. Ukiacha kusoma hapa, shika hilo la mawe. Linaokoa miguu na maisha.

Gari hili limejaa majina yanayodanganya namna hiyo: jina linasema hivi, chuma kinafanya vingine. Na mahali pazuri pa kuyachunguza ni hapa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kati ya Malaba na Busia, miji miwili iliyoachana kwa takriban kilomita 30, ambako magari mengi yanayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini au Kongo hulazimika kusimama. Kwenye gereji za wazi zilizo kando ya barabara, lori la magurudumu 22 na Land Rover iliyobeba mahindi hupanga foleni kwa fundi yuleyule, na fundi huyo huhama kutoka Kiswahili hadi Kiteso, Kiluhya na Kiganda bila kuinua kichwa.

Mafuta ambayo si mafuta

Ukienda dukani Busia ukaomba mafuta ya breki, utapewa chupa ndogo yenye kimiminiko chepesi, cha rangi ya manjano hafifu. Sote tunakiita mafuta. Kwa kweli, kilicho katika chupa nyingi ni mchanganyiko wenye asili ya glikoli, jamaa ya ile dawa inayotiwa kwenye rejeta ili maji yasigande katika nchi za baridi. Kinachanganyika na maji bila tabu, jambo ambalo mafuta ya kweli hayawezi. Kikidondoka kwenye bodi kinabambua rangi.

Jina hilo limeharibu breki nyingi kuliko mashimo ya barabarani. Mtu anafunua kopo la masta silinda, anaona kimepungua, yuko mbali na duka, na ndani ya gari ana oili ya injini. Si yote ni mafuta? Anatia. Sasa, raba zilizo ndani ya masta silinda na ndani ya silinda za magurudumu zilitengenezwa ziishi katika glikoli. Zikikutana na oili itokanayo na petroliamu, zinainyonya, zinavimba, zinalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Siku ya kwanza breki inashika kama kawaida, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Baadaye raba iliyovimba inaziba kitundu kinachorudisha kimiminiko kwenye kopo. Ukikanyaga, breki inashika. Ukiachia, haiachii. Shuu zinaendelea kusugua dramu hadi moshi utoke.

Ndiyo sababu swali la kwanza la fundi, kabla hajashika spana, huwa ni moja: “Mzee, ulitia nini humu?” Jibu la kweli lina thamani ya pesa. Kama ni oili, kumwaga na kutia kimiminiko kipya hakusaidii kitu. Raba zote zitabadilishwa, kwenye masta silinda na kwenye kila gurudumu, pamoja na zile hozi za mpira zinazounganisha chesisi na ekseli, na mabomba ya chuma yataoshwa kwa spiriti hadi yatoe spiriti safi upande wa pili. Raba moja iliyosazwa inatosha kurudisha ugonjwa.

Wapo pia wanaotia maji ya sabuni ili wafike tu. Naelewa dhiki inayomfikisha mtu hapo, hasa usiku akiwa na abiria. Lakini maji yanatia kutu ndani ya silinda, na yanachemka mapema mno. Habari ya kuchemka nitairudia hivi punde, maana ndiyo inayoua.

Je, wajua herufi DOT zilizo kwenye chupa zina maana gani? Ni kifupi cha Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka viwango vinavyofuatwa na watengenezaji duniani kote. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selisiasi, na DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini glikoli hunyonya unyevu, na hewa ya nchi hizi za kandokando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Unyevu huo hupenya polepole hata kupitia hozi za mpira. Kimiminiko kikishafikisha maji ya asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachoruhusiwa cha DOT 3 huporomoka hadi nyuzi 140, na cha DOT 4 hadi 155. Kwa hiyo ile nusu chupa iliyofunguliwa mwaka juzi na kuwekwa chini ya kiti “itakuja kusaidia” imeshapoteza nguvu zake. Inunuliwe chupa ndogo, itumike, inayobaki isiwekwe.

Birika moja la maji

Breki haili mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo linaweza kupimwa. Land Rover ya tani moja na nusu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikisimamishwa, inatoa joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji ya bomba hadi yatokote. Birika zima la chai, limemalizwa kwa kukanyaga mara moja. Na kwa kilomita 40 kwa saa? Wengi hujibu nusu lita. Ni robo, kikombe kimoja tu, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya tofauti kati ya dereva wa polepole na wa kasi iwe kubwa kuliko jicho linavyoona.

Sasa chukua barabara yenyewe. Gari linalotoka Nakuru kuja Malaba hupanda hadi Timboroa, ambako stesheni ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi. Mpakani ni takriban 1,200. Yaani kutoka kilele hadi forodhani unashuka kilomita moja na nusu ya wima, na nishati ya kushuka huko kote lazima iende mahali. Ukiiacha iende kwenye breki peke yake, dramu zinapata moto kupita kiasi, na dramu ikipata moto inatanuka, inaikimbia shuu. Pedali inashuka chini zaidi kila unapokanyaga. Joto likifika kwenye silinda, kimiminiko chenye maji kinachemka, mapovu ya mvuke yanajaa, na mguu unazama hadi sakafuni bila kukuta kitu.

Kuna jambo la ajabu hapa. Gari likishapoa, mvuke unarudi kuwa maji, na breki inashika tena vizuri kabisa. Polisi wanafika, fundi anakanyaga pedali, pedali iko imara. Dereva anasema breki zilikataa na hakuna anayemwamini. Dawa wanaijua madereva wa zamani wa malori: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ibebe mzigo, breki ibaki akiba. Huko Salgaa, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Nakuru, tabia ya kutoa gia na kuliachia lori libingirike ili kuokoa dizeli imezika watu wengi, hadi jina la mji huo mdogo likawa jina la ajali.

Kiatu cha breki

Fundi wa Malaba akisema “breki shuu”, anatamka kiatu. Jina hilo la Kiingereza lina maana hiyo hasa, na hadithi yake inalingana nalo kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuifuatilia. Mwaka 1897, katika kaunti ya Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood alianza kutafuta kitu bora cha kufunika breki za mikokoteni ya farasi. Inasimuliwa kwamba aliwaona wachukuzi wakigongomelea vipande vya viatu vichakavu kwenye magogo ya breki ili yashike vizuri kwenye miteremko. Kampuni aliyoianzisha aliipa jina kwa kuchanganya herufi za jina lake na kuongeza E, herufi ya kwanza ya jina la mkewe Elizabeth. Ndiyo Ferodo, jina lililo kwenye maboksi ya lainingi katika maduka ya spea hadi leo.

Mtoto wa Busia anayeshuka kilima kwa baiskeli isiyo na breki anakijua kiatu hicho bila kusimuliwa. Anabonyeza ndala, au akala iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, juu ya tairi la nyuma, na harufu ya mpira inapanda. Mpira kwa mpira, joto, mwendo unapungua.

Na baiskeli hapa haiwezi kupitwa hivi hivi, kwa kuwa je, wajua kwamba neno boda boda lilizaliwa mpakani huku? Katika miaka ya 1960, kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kuvuka eneo hilo, wakinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilitaja mara mbili. Baadaye neno liliruka kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye pikipiki, na kutoka Busia hadi pembe zote za Afrika Mashariki. Baiskeli za wakati huo, zile nyeusi, nzito, ambazo watu waliziita Black Mamba, hazikuwa na waya za breki. Zilikuwa na fimbo za chuma zinazovuta raba juu, zigusane na ringi. Ukiinama chini ya Land Rover ya Series utakuta fimbo za namna hiyohiyo zikitoka kwenye breki ya mkono hadi kwenye dramu. Fundi aliyejifunzia baiskeli anaielewa mara moja, na naona raha kila ninapomwona akitabasamu chini ya gari.

Kwa lainingi zenyewe kuna onyo zito. Kwa miongo mingi zilitengenezwa kwa asbesto, na Frood mwenyewe alianza kuitumia mwaka 1908. Asbesto haiungui na haiishi upesi, lakini nyuzi zake zikivutwa pumzini hukaa kwenye mapafu, na zinaweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Land Rover iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa yaweza kuwa bado imevaa lainingi hizo, na unga mweusi ulio ndani ya dramu ni unga wake. Desturi ya kupuliza dramu kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa ingefaa iachwe leo. Loweka kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kitupwe. Kijana anayejifunza kazi ndiye aliye karibu zaidi na unga huo, na ndiye mwenye miaka mingi zaidi ya kuishi nao kifuani.

Lainingi nyingine zimegandishwa kwa gundi, nyingine zimepigwa ribiti. Zile za ribiti zina faida ya kupiga kelele: zikiisha, vichwa vya ribiti vinaanza kukwaruza dramu na gari linalia. Sauti hiyo ikisikika, mifereji tayari inachorwa ndani ya dramu.

Land Rover ndefu haipendi kurudi nyuma

Ndani ya dramu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Shuu inayoelekea upande ambao dramu inazungukia huvutwa na mzunguko wenyewe, ikajibana zaidi kuliko ulivyokanyaga. Breki inajiongezea nguvu. Shuu inayoelekea kinyume husukumwa mbali. Katika Land Rover fupi, ile ya inchi 88, kila gurudumu lina moja ya kila aina. Lakini ile ndefu ya inchi 109, katika kila gurudumu la mbele, ina shuu mbili zinazojibana zote kwa pamoja, kila moja na silinda yake. Ikienda mbele inashika vizuri sana. Ikirudi nyuma, hizo hizo zinageuka kuwa shuu zinazosukumwa, na gari linashika kwa ulegevu. Kwa hiyo Land Rover ndefu yenye mzigo ikizimika katikati ya kilima na kuanza kurudi nyuma, dereva atakanyaga kwa nguvu kuliko alivyozoea, na bado atahisi haitoshi. Breki ni nzima. Ni umbo lake.

Maji nayo. Mto Nzoia unapofurika Budalang'i, kwenye pembe ya kusini ya Kaunti hii ya Busia, gari linalovuka barabara iliyozama hutoka na dramu zilizojaa maji na tope. Dramu haina pa kuyatolea haraka. Mara tu unapotoka majini, endesha polepole huku ukikanyaga pedali kidogo kidogo, msuguano ukaushe lainingi. Tope ni habari nyingine: litasaga lainingi na dramu kwa pamoja, na lazima kila gurudumu lifunguliwe na kuoshwa. Na ukifungua ukakuta unyevu mweusi unaoteleza, hayo si maji. Ni oili ya difu iliyopita kwenye sili ya habu. Lainingi iliyolowa oili haifai tena hata ikifutwa ikang'aa, kwani oili imo ndani na itatoka ikipata moto.

Kanyaga! Shikilia! Achia!

Kanuni inayoifanya pedali moja isimamishe magurudumu manne ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi 1623 hadi 1662, miaka mingi kabla ya gari la kwanza. Ukisukuma kimiminiko kilichofungiwa, msukumo huo unafika kila kona sawasawa. Gari la kwanza la abiria kuuzwa likiwa na breki za namna hiyo kwa magurudumu yote manne lilikuwa Duesenberg ya Marekani, mwaka 1921, kutokana na ubunifu wa Malcolm Loughead, mmoja wa ndugu ambao jina lao, likiandikwa Lockheed, liko pia kwenye ndege.

Sharti ni moja: kisiwepo kiputo cha hewa. Kimiminiko hakibanwi, hewa inabanwa. Hewa ikiingia, mguu wako unaibana hewa badala ya kuisukuma shuu, na pedali inakuwa kama godoro. Hapo ndipo inapokuja kazi ya kutoa hewa, ambayo kwenye gereji yoyote ya Malaba utaisikia kabla hujaiona. Mmoja yuko kwenye kiti, mwingine amelala chini na spana kwenye nati ndogo ya silinda, mpira mwembamba umezamishwa kwenye chupa yenye kimiminiko safi. “Kanyaga!” Mapovu. “Shikilia!” Nati inafungwa. “Achia!” Wanaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na wanamalizia lililo karibu. Kopo lisiachwe likakauka hata mara moja, vinginevyo hewa inaingia upya na kazi inaanza mwanzo.

Lakini wengi hutoa hewa kutwa nzima pasipo na hewa. Pedali iko chini kwa sababu shuu ziko mbali na dramu. Nyuma ya kila gurudumu kuna bolti moja au mbili zinazogeuza kamu yenye umbo la konokono. Inua gurudumu, geuza bolti hadi gurudumu ligome, kisha rudisha taratibu mpaka lizunguke huru. Nusu saa ya kazi hiyo mara nyingi inarudisha pedali juu bila kununua kitu chochote. Land Rover hizi hazijirekebishi zenyewe kama magari ya leo, na konokono yake ikishikwa na kutu kwa miaka kumi, lazima ipewe oili ya kupenyeza na usiku mzima wa subira.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kununua gari la namna hii: nyingi za Series II na IIA zina mfumo mmoja tu wa bomba. Bomba moja likipasuka popote, magurudumu yote manne yanabaki bila breki, na kinachosalia ni gia pamoja na ile breki ya mkono ya kwenye propela. Mabomba ya chuma ya zamani huoza chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki. Siku hizi mafundi wengine hutumia bomba la Kunifer, ambalo jina lake linatokana na alama za kikemia za vitu vyake: Cu ni shaba, Ni ni nikeli, Fe ni chuma. Haliozi, na linapinda kwa mkono. Jina moja, angalau, lisilodanganya.

Spana nazo zina udanganyifu wake. Katika spana za Kiingereza za mtindo wa kale, zinazohitajika kwa Land Rover za mwanzo kabisa, namba iliyochongwa haisemi upana wa nati. Inasema unene wa bolti. Matoleo ya baadaye yalichanganya inchi za Kimarekani, ambazo nati yake ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inacheza kidogo, na kwenye nati iliyokaza inakula pembe zote sita. Fundi anayetunza seti ya spana za inchi, zimepangwa kwenye gunia lililoshonwa mifuko, ameshanieleza mengi kuhusu kazi yake kabla hajasema neno.

Kwa nini bado ziko hapa

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mbunifu wake, Maurice Wilks, alikuwa amechora umbo lake kwa fimbo kwenye mchanga wa ufuo wa Wales mwaka uliotangulia. Chuma kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Bodi hiyo haioti kutu, na ndiyo inayowafanya watu wadhani gari ni zima ilhali chesisi ya chuma na mabomba ya breki chini yake yamekwisha. Huku kwetu zilikuwa gari za serikali, za polisi, za misheni na za wakulima wakubwa, na tangu miaka ya 1970 nyingine ziliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya.

Nyingine hazitakuja kwa urahisi. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda, hatua chache ng'ambo ya geti, iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Pande zote mbili, basi, zinatunza Land Rover zilezile zilizokuwepo, na dramu iliyotoka kwenye gari lililokufa Tororo, Uganda, inaweza kuishia kwenye gari linalotembea Funyula, Kenya. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, gari husimama mara moja badala ya mbili. Foleni hazikwisha: mwaka 2020, madereva walipolazimika kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita.

Na je, wajua kwamba zamani eneo hili halikuwa mpakani hata kidogo? Hadi 1902, himaya ya Uganda ilifika mashariki karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo lote la mashariki la Uganda kulitia upande wa Kenya, na mstari ukaja kuwaangukia Wasamia na Wateso, ndugu kwa ndugu, wengine huku wengine kule. Magari ya pande zote mbili yanapita kushoto, kwa hiyo dereva anavuka bila kubadili upande. Atabadili huko mbele, akiingia Rwanda, Sudan Kusini au Kongo.

Siku breki zimekamilika, fundi haondoki na gari moja kwa moja. Anakanyaga pedali kwa nguvu, anaishikilia kwa dakika nzima akiangalia kama inazama. Kisha anapita gurudumu kwa gurudumu na tochi, akitafuta unyevu kwenye silinda. Anaendesha polepole kwenye barabara tupu, anakanyaga, anasikiliza gari linavutia upande gani. Akirudi anaweka kiganja karibu na kila dramu, bila kuigusa, kuona kama moja ina joto kuliko wenzake. Ya mwisho ni breki ya mkono: gari linapandishwa kwenye kilima, injini inazimwa, gia inatolewa, breki inavutwa. Gari linajongea ile hatua yake ndogo, linatikisika, linatulia. Kijana amesimama nyuma ya gurudumu, pembeni kidogo, na jiwe lake mkononi.